Gari Kuukuu Likikosa Nguvu, Tuanze Kuuliza Wapi?

(Mazungumzo na wanakisomo wa Ngara na Biharamulo)



Leo hatutazungumza juu ya mbolea wala juu ya maji ya kunywa. Tutazungumza juu ya gari. Tena si gari jipya. Ni lile gari kuukuu la petroli, lile Toyota Hiace ambalo wenzetu wa mijini waliliita kipanya, ambalo limetembea kilomita laki mbili, laki tatu, na bado tunalitegemea.

Labda mtu atauliza: mimi sina gari, yanihusu nini? Yanakuhusu sana. Gari hilo ndilo linalochukua maharage na ndizi zako kwenda sokoni. Ndilo linalomkimbiza mama mjamzito hospitali ya Murgwanza usiku wa manane. Ndilo linalowatoa watu Rulenge, Kabanga na Nyakahura na kuwafikisha kwenye shughuli zao. Na katika vijiji vingine gari ni mali ya kikundi. Watu wamechanga fedha zao, wamelinunua kuukuu, wakatumaini litawalipa.

Basi siku moja gari linaanza kuchoka. Kilima lililokuwa likipanda kwa gia ya tatu, sasa linataka ya pili. Kesho linataka ya kwanza. Abiria wanashuka, wanasukuma. Hapo ndipo neno zito linapotamkwa: "Injini imekufa."

Ndugu, neno hilo ni la gharama. Tuchukulie kikundi cha watu 12. Kila mmoja akitakiwa kutoa shilingi 100,000 za kununua injini nyingine, jumla ni shilingi 1,200,000. Hiyo ni ada ya watoto. Hiyo ni mabati ya nyumba. Sasa fikirini: fedha zimetolewa, injini nyingine imefungwa, na kilima ni kile kile, udhaifu ni ule ule. Kwa nini? Kwa sababu ugonjwa haukuwa kwenye injini. Tangi lilijaa kutu, na kutu imeziba njia ya petroli.

Jambo tunalotaka mlishike leo ni moja tu: gari kuukuu likikosa nguvu, tusihukumu injini kwanza. Tuulize maswali kwa utaratibu. Tuanze na kile kisichogharimu kitu, tumalizie na kile cha gharama kubwa. Na kila tunachokiona tukiandike.

INJINI INATAKA NINI?

Kila mtu hapa anajua kuwasha moto jikoni. Kuni bila hewa, moto unafuka moshi tu. Hewa bila kuni, hakuna moto. Kuni na hewa bila kiberiti, hakuna kitu.

Injini ya petroli ni hivyo hivyo. Inataka vitu vinne. Cha kwanza ni hewa safi ya kutosha. Cha pili ni petroli ya kutosha, si nyingi mno wala kidogo mno. Cha tatu ni cheche ya moto kutoka kwenye plagi, nayo ije kwa wakati wake. Cha nne ni mbano, mafundi husema kompresheni. Maana yake, pistoni ikipanda ndani ya silinda ibane ule mchanganyiko wa hewa na petroli, wala usivuje pembeni.

Vitu hivyo vinne vikiwepo, nguvu inapatikana. Lakini kuna mambo mawili zaidi. Moshi lazima upate njia ya kutoka. Na nguvu ikishapatikana, lazima ifike kwenye magurudumu. Injini yaweza kuwa nzima kabisa, lakini nguvu ikapotea njiani.

MILIMA YETU NAYO INAKULA NGUVU

Kabla ya kulilaumu gari, tuwe wakweli juu ya mahali tunapoishi. Ziwa Viktoria liko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Ngara uko juu zaidi, unapita mita 1,500. Huku juu hewa ni nyepesi kuliko kule pwani. Injini isiyo na mashine ya kusukumiwa hewa hupoteza nguvu karibu asilimia 3 katika kila mita 300 inazopanda kutoka usawa wa bahari. Fanyeni hesabu: 1,500 gawanya kwa 300 ni 5. Tano mara tatu ni 15. Kwa hiyo gari lililokuwa na nguvu 100 kule Tanga, hapa lina nguvu kama 85 tu, hata likiwa jipya.

Kwa hiyo dereva akija na gari kutoka Dar es Salaam, akasema "tangu nifike Ngara halivuti", yaweza kuwa gari halina ugonjwa wowote. Ni hewa na milima. Tena kabureta iliyorekebishwa kwa hewa ya pwani huku juu hutoa petroli kupita kiasi. Fundi akiirekebisha kidogo, gari hupata nafuu.

Njia ya kujua ni kulilinganisha gari na lenyewe. Mwezi uliopita, kilima kile kile, mzigo ule ule, lilipanda kwa gia gani? Kama limebadilika, hapo kweli kuna ugonjwa. Tena msiitegemee sana ile namba ya kilomita kwenye dashibodi. Gari lililonunuliwa kuukuu laweza kuwa limerudishwa namba. Liamini gari lenyewe kuliko namba yake.

DEREVA AULIZWE KWANZA

Mganga mzuri humwuliza mgonjwa kabla ya kumchoma sindano. Sisi nasi tumwulize dereva na konda, maana wao ndio wanaolala na kuamka na gari.

Je, nguvu zilipotea ghafla au polepole? Kama ni ghafla, kwa siku moja, fikiria kitu kilichokatika, kilichochomoka au kilichoziba. Kama ni polepole, kwa miezi, fikiria kitu kinachochakaa au kinachojaa uchafu.

Je, ni asubuhi likiwa baridi, au ni mchana likipata moto? Koili iliyochoka huwa nzuri asubuhi. Mchana ikipata joto, gari linaanza kukatakata.

Je, ni mlimani tu, au hata tambarare? Gari linalokimbia vizuri tambarare lakini mlimani linakwama kama mtu aliyekosa pumzi, mara nyingi lina njaa ya petroli.

Je, moshi una rangi gani? Moshi mweusi: petroli imezidi au hewa haitoshi. Moshi wa samawati: injini inakula oili. Moshi mweupe mwingi usiokwisha hata gari likishapata moto: maji yanaingia ndani ya silinda.

Na swali la mwisho: kitu gani kilifanywa kabla ya ugonjwa kuanza? Walijaza mafuta wapi? Walibadilisha nini? Gari liligonga jiwe? Mara nyingi jawabu lote limo humo.

HATUA YA KWANZA: NGUVU INAPOTELEA NJIANI?

Sasa tuanze kupima. Hatua hii haigharimu hata senti moja.

Simamisha gari mahali tambarare, weka huru, watu wawili walisukume. Likiwa zito kuliko kawaida, huenda breki zinakamata. Zuia magurudumu kwa mawe, inua gurudumu moja moja kwa jeki, lizungushe kwa mkono. Likigoma, breki ya gurudumu hilo haiachii. Gari la namna hii ni sawa na mtu anayelima huku amefungwa kamba kiunoni. Tazama pia upepo wa tairi. Tairi laini hula nguvu na hula petroli.

Halafu pima klachi. Je, unapokanyaga mafuta mlimani injini inanguruma sana lakini mwendo hauongezeki? Je, kuna harufu ya kuungua? Basi klachi inateleza. Kuna kipimo rahisi: simama tambarare, mbele pasiwe na mtu, vuta breki ya mkono, weka gia ya tatu, kisha achia klachi polepole. Injini lazima izime. Isipozima, ikaendelea kunguruma, klachi imekwisha. Usirudie mara nyingi, utaimaliza kabisa.

Halafu tazama pedeli ya mafuta. Injini ikiwa imezimwa, mmoja akanyage mpaka mwisho, mwingine afungue boneti atazame pale kebo inapofika. Je, mlango wa hewa unafunguka wote? Kebo ikilegea, au zulia likisongamana chini ya pedeli, dereva anadhani amekanyaga yote kumbe ni nusu. Gari linahukumiwa bure kwa sababu ya zulia!

Na mzigo je? Gari la abiria 15 likibeba watu 22 na magunia juu, halijaugua. Limeonewa.

HATUA YA PILI: HEWA

Kila mtu anayejua njia zetu za moramu wakati wa kiangazi anajua lile vumbi jekundu. Nguo nyeupe haidumu. Sasa mfikirie filta ya hewa ya gari, inayovuta vumbi hilo kutwa nzima.

Itoe filta, ishike kuelekea jua. Mwanga ukipita, bado inafaa. Usipopita, imejaa. Ikung'ute taratibu, au ipulizwe kwa upepo kutoka ndani kwenda nje. Filta ya karatasi usiioshe kwa petroli wala kwa maji. Ikichoka, nunua nyingine.

Wako madereva wanaoitoa filta kabisa ili "gari lipumue". Siku hiyo kweli gari litavuta vizuri kidogo. Lakini vumbi litaingia ndani, nalo ni kama msasa. Litasugua pistoni na silinda mpaka mbano upotee. Hapo ndipo injini inapokufa kweli.

Kagua pia mipira ya hewa, ile inayotoka kwenye injini. Ukiusikia mpira ukipiga mluzi injini ikiwa inanguruma polepole, hewa inaingia mahali pasipo pake. Hasa kagua mpira mnene unaokwenda kwenye breki. Tutaueleza baadaye, maana huo unagusa uhai wa watu.

HATUA YA TATU: PETROLI

Gari kuukuu lina tangi kuukuu. Ndani yake mna kutu, maji na mchanga. Uchafu huo husafiri mpaka kwenye filta ya petroli na kuiziba. Tambarare petroli kidogo inatosha. Mlimani injini inataka nyingi, haipati, inakatakata. Dereva akisimama dakika chache, petroli inajikusanya tena, gari linaondoka, kisha linakwama mbele. Ukiona hivyo, anza na filta ya petroli. Ni spea ya bei ndogo.

Kuna kipimo kingine cha bure. Gari likikosa nguvu njiani, simama, zima injini, fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia linavuta hewa kwa nguvu, "fyuu", na baada ya hapo gari likaenda vizuri, basi tundu la kupumulia la tangi limeziba. Petroli ilikuwa inashindwa kutoka, kama maji ya kwenye kopo lililotobolewa tundu moja tu.

Filta ikiwa nzuri na tangi linapumua, ndipo fundi atazame pampu na kabureta. Magari ya zamani, kama Hiace zenye injini ya 1RZ ya kabureta, yana vitundu vidogo sana vya kupitisha petroli. Chembe moja ya kutu inatosha kukiziba. Magari yaliyokuja baadaye hayana kabureta, yana nozeli na kompyuta. Hayo taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi, yapelekwe kwa fundi mwenye mashine ya kuyasoma, asikisie.

Na petroli yenyewe je? Sote tunakumbuka habari za uchakachuaji. Mwaka 2010 EWURA, mamlaka inayosimamia mafuta, ilianza utaratibu wa kutia alama katika mafuta ili yaliyochanganywa yatambulike. Mwaka 2011 Serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa, kusudi bei yake ikaribie ya dizeli na mtu asipate faida kwa kuyachanganya. Hata hivyo, petroli ya kwenye chupa na madumu kando ya njia hakuna anayejua imepita wapi. Yaweza kuwa na maji, uchafu au mafuta ya taa. Injini itagonga kama nyundo mlimani, itatoa moshi, itapoteza nguvu.

Dondosha tone moja juu ya karatasi nyeupe safi, mbali kabisa na moto na sigara. Petroli safi hukauka upesi na kuacha karatasi karibu kama ilivyokuwa. Yenye mafuta ya taa huacha doa la mafuta. Si kipimo cha maabara, lakini kinatosha kumfanya mtu ashuke na kuuliza.

HATUA YA NNE: CHECHE

Hapa fundi atoe plagi zote, azipange mezani kwa utaratibu wa silinda: ya 1, ya 2, ya 3 na ya 4. Asizichanganye! Plagi ni kama ulimi wa mgonjwa, inasema mengi. Yenye rangi ya kahawia hafifu ni nzuri. Nyeusi kavu kama masizi: petroli imezidi au hewa haitoshi. Nyeusi na yenye mafuta: oili inaingia kwenye silinda hiyo. Nyeupe sana: silinda inapata joto kupita kiasi, pengine petroli ni kidogo mno.

Moja ikitofautiana na wenzake, mmekwisha kujua silinda ipi ina shida. Hamkununua kitu. Mmesoma tu.

Halafu waya za plagi, kifuniko cha distributa, rota na koili. Jaribuni usiku, boneti ikiwa wazi na injini ikinguruma. Mkiona vimulimuli vya samawati kwenye waya, umeme unavuja. Msiziguse waya hizo kwa mkono, umeme wake ni mkali sana. Mwisho wa hatua hii ni taimingi. Cheche ikichelewa, gari huwa zito na hupata joto. Ikiwahi mno, injini hugonga.

HATUA YA TANO: JOTO NA MOSHI

Injini inayochemka haina nguvu. Tazama maji ya rejeta, mkanda wa feni na uchafu uliokaa kati ya mapezi ya rejeta. Lakini kifuniko cha rejeta kisifunguliwe wakati injini ina moto! Maji yake yataruka na kumwunguza mtu uso.

Kwenye bomba la moshi, kagua kama limebonyea. Njia zetu zina mawe, na gari la chini chini hugonga. Bomba likiziba, injini hukaa vizuri ikinguruma polepole, lakini ukikanyaga mafuta haipandi. Ni kama mtu anayekimbia huku ameziba pua na mdomo.

Bomba likitoboka nalo ni hatari. Moshi wa petroli una sumu isiyoonekana wala kunusika. Abiria wakilalamika kwamba wanaumwa kichwa na kusinzia ndani ya gari, wasiambiwe ni uchovu wa safari. Lisimamishwe, watu washuke wapate hewa, na bomba likatengenezwe. Wala injini isiachwe ikinguruma ndani ya banda lililofungwa.

HATUA YA MWISHO: MBANO

Sasa, baada ya yote hayo, ndipo tunapofika kwenye injini yenyewe. Fundi anatoa plagi zote, anafunga saa ya kupimia kompresheni kwenye tundu la plagi, anazungusha injini kwa staata huku pedeli ya mafuta ikiwa imekanyagwa mpaka mwisho. Anasoma namba ya silinda ya kwanza. Mwandike. Ya pili. Mwandike. Mpaka ya nne.

Hapa kuna jambo ambalo watu wengi wa milimani hawaambiwi. Vitabu vya magari mara nyingi hutoa namba za usawa wa bahari. Huku juu hewa ni nyepesi, hivyo hata injini nzima hubana kidogo zaidi. Injini ambayo pwani ingesoma 170, hapa kwenye mita 1,500 yaweza kusoma karibu 145, nayo ikawa nzima kabisa. Fundi asiyelijua hilo ataihukumu injini nzima kuwa mbovu, na kikundi kitauza ng'ombe bure.

Kwa hiyo zilinganisheni silinda zenyewe kwa zenyewe. Mfano: 145, 140, 145, 142. Zinakaribiana, injini ni nzima. Mfano mwingine: 145, 140, 90, 142. Silinda ya tatu ina ugonjwa. Mfano wa tatu: 145, 85, 85, 142. Mbili zilizo jirani zimeshuka pamoja, hapo shuku gasketi ya silinda hedi kati yao.

Iliyoshuka, fundi atie ndani yake kijiko cha oili, apime tena. Namba ikipanda sana, ringi za pistoni zimekwisha. Isipopanda, ni valvu au gasketi. Tofauti hiyo ni ya fedha nyingi. Kazi ya valvu au gasketi huweza kufanywa kwa kufungua sehemu ya juu tu. Ringi zinataka injini yote ifunguliwe.

Na kama silinda zote nne zimeshuka sana, moshi wa samawati unatoka, oili inaisha kila wiki, hapo tukubali. Injini imezeeka. Kikundi kikae, kipige hesabu: oveholi, injini nyingine, au kuliuza gari lilivyo. Hapo mtakuwa mnaamua kwa kujua, si kwa kuogopa.

DAFTARI LA GARI

Ndugu, tulijifunza kusoma na kuandika ili tufanye nini? Si kwa kusoma barua tu. Nunueni daftari moja, likae ndani ya gari. Andikeni tarehe, kilomita, lita za petroli, oili iliyoongezwa, spea iliyobadilishwa na bei yake.

Tuone mfano. Mwezi wa Januari mlijaza tangi, gari likatembea kilomita 360, mlipojaza tena likachukua lita 40. Gawanyeni 360 kwa 40, mtapata kilomita 9 kwa lita moja. Mwezi wa Aprili gari limetembea kilomita 260 kwa lita 40 hizo hizo. Ni kilomita 6 na nusu. Daftari limewaambia gari linaumwa kabla halijakwama mlimani.

Daftari linawasaidia pia mbele ya fundi. Fundi mzuri hachukii kuulizwa. Mwambieni mambo matatu kwa heshima. Moja: abadilishe kitu kimoja, gari lijaribiwe, ndipo aende kwenye kingine. Akibadilisha vitu vitano kwa pamoja, hata gari likipona hamtajua dawa ilikuwa ipi. Mbili: spea ya zamani arudishiwe mwenye gari. Tatu: namba za vipimo ziandikwe. Kauli ya "tumepima, mbovu" haitoshi. Tuambieni imesoma ngapi.

JAMBO LA UHAI

Tulisema tutarudi kwenye ule mpira mnene wa breki. Katika gari la petroli, breki husaidiwa na uvutaji wa hewa wa injini, kupitia mpira huo. Ukipasuka, mambo mawili hutokea pamoja: injini inakosa utulivu na nguvu, na pedeli ya breki inakuwa ngumu kama jiwe. Kwa hiyo udhaifu wa injini waweza kuwa onyo la breki.

Basi tuseme wazi. Gari lililokosa nguvu lisipakie abiria kwenda kwenye miteremko mikali kabla breki hazijakaguliwa. Na ile tabia ya kuzima injini au kuweka huru kwenye mteremko ili kuokoa petroli, tuikemee. Ukizima injini, msaada wa breki unakwisha baada ya kukanyaga mara chache. Ukiweka huru, injini haikusaidii kulizuia gari, na breki zinapata moto mpaka hazishiki. Njia hii ya kutoka Lusahunga hadi Rusumo ina urefu wa kilomita 92, na inapitwa na malori makubwa yaendayo Rwanda na Burundi. Dereva asiye na breki katika njia hiyo hana pa kukimbilia.

Ninyi abiria nanyi mna haki ya kusema. Ukimwona dereva anashusha mlima injini ikiwa kimya, paza sauti. Lita moja ya petroli haikaribii thamani ya watu 15.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

Tunaomba mkae katika vikundi vyenu, mmoja asome, wengine wajibu, katibu aandike.

1. Taja vitu vinne ambavyo injini ya petroli inavihitaji ili itoe nguvu.

2. Gari linakwenda vizuri tambarare, mlimani linakatakata, likipumzika linaenda tena. Mtaanza kukagua nini? Kwa nini?

3. Fundi amepima akapata 140, 138, 80 na 142. Silinda ipi ina shida? Mtamwomba afanye nini kabla ya kukubali injini ifunguliwe?

4. Gari lilikwenda kilomita 280 kwa lita 35. Ni kilomita ngapi kwa lita moja?

5. Je, gari mnalolipanda kila siku lina daftari? Kama halina, nani atalianzisha, na lini?

Swali la tano ndilo kubwa. Mkilijibu kwa vitendo, mazungumzo yetu ya leo hayakuwa bure.